Kelele za Ukumbini: Mwezi Mmoja wa Kuonyesha Filamu Dar es Salaam

Mwenye ukumbi aliponikabidhi kazi ya kupanga filamu za mwezi wa Oktoba alinipa sharti moja tu, kwamba watazamaji wanyamaze. Alikuwa ameishi Ulaya miaka kadhaa, akazoea sinema ndogo ambazo mtu akichakarisha karatasi ya peremende hutazamwa vibaya na safu nzima, na kwake yeye kilichotenganisha sinema na kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, kilikuwa kimya. Wakati ule sikuwa na hoja ya kumpinga. Nilikuwa nayo mwezi ulipokwisha, na ndiyo ninayoieleza hapa, kwa sababu wengi wanaofungua kumbi ndogo za aina hii katika miji yetu huanzia pale pale alipoanzia yeye.

Ukumbi wenyewe ni ghala la zamani huko Kinondoni. Una paa la bati, sakafu ya saruji iliyo tambarare, viti vya plastiki visivyofikia mia, projekta moja nzuri na spika mbili kubwa zilizonunuliwa kwa mtu aliyekuwa akipiga muziki wa harusi. Tiketi ilikuwa shilingi 5,000 na wanafunzi walilipa 2,000. Tulionyesha mwishoni mwa wiki, na karibu kila filamu ilionyeshwa zaidi ya mara moja, jambo ambalo lilinifundisha mengi kuliko lingine lolote, kwa kuwa filamu ileile ikitazamwa na watu wengine katika hali nyingine huonyesha wazi ni kipi kinachotokana nayo na ni kipi kinachotokana na ukumbi.

Mtazamaji wa Dar es Salaam haji sinema akiwa hana malezi ya kutazama. Mji huu ulikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon na New Chox, na tangu mwaka 1966 ulikuwa na sinema ya magari kule Msasani, mahali ambapo leo umesimama ubalozi wa Marekani. Wazee waliokuja kwetu walilelewa katika majumba hayo. Vijana walilelewa kwingine, katika mabanda ya video, ambako filamu za kigeni zilisikika kwa sauti ya mtu mmoja aliyezitafsiri, akazitania na kuwapa wahusika maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuwahi kuyafikiria. Jina lililovuma kuliko yote hapa Tanzania katika kazi hiyo ni la Derek Mukandala, ambaye wengi wanamjua kama Lufufu. Kwa hiyo ukumbini kwetu walikaa pamoja mzee aliyezoea kuimba na waigizaji wa Kihindi na kijana aliyezoea kuambiwa kinachotokea na mtu mwenye maikrofoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufundishwa kwamba filamu hutazamwa kimya, na sidhani kwamba walikuwa na upungufu kwa sababu hiyo.

Tulianza na *Vuta N'Kuvute*, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Niliichagua kwa kuwa inazungumza Kiswahili, na nilidhani kwamba filamu ya Kiswahili haitakuwa na shida ya lugha Kinondoni. Haikupita robo saa watu wakaanza kuongea. Minong'ono ilianzia nyuma, ikasogea mbele, na ilipofika katikati ya filamu ukumbi ulikuwa umechangamka kama kituo cha daladala. Mwenye ukumbi alisimama mlangoni amekunja mikono, akinitazama mimi badala ya kutazama picha. Nilikwenda kukaa safu ya mwisho ili nisikie wanachosema, nikakuta dada mmoja anamuuliza mwenzake, "Kasemaje?" Mwenzake akajibu kwamba naye hakusikia. Kumbe nusu ya ukumbi ilikuwa ikiuliza swali hilo hilo.

Sababu yake ni ya kifundi na inafaa kujulikana na kila anayeonyesha filamu kwa vifaa vya kuungaunga. Sauti ya filamu za siku hizi kwa kawaida hupangwa katika njia sita, yaani kushoto, kulia, katikati, mbili za pembeni na moja ya besi, na maneno ya waigizaji karibu yote hupita katika njia ya katikati. Ukumbi wenye spika mbili hauna spika ya katikati, na kama mashine haikuelekezwa kuzichanganya njia hizo sita ziwe mbili, utasikia muziki, mawimbi na milango ikifungwa, lakini maneno yatakuwa hafifu au hayatakuwapo kabisa. Mtu asiyejua hilo hupandisha sauti, na akipandisha sauti muziki unazidi kuyafunika maneno. Tulibadilisha mpangilio wa mashine. Kisha tukatundika mablanketi mazito kwenye kuta mbili ndefu ili kupunguza mwangwi wa saruji, na spika tukazishusha kutoka darini zikae usawa wa masikio ya mtu aliyeketi.

Onyesho lililofuata la filamu hiyo hiyo lilikuwa na kelele pia, lakini kelele za namna nyingine. *Vuta N'Kuvute* ni riwaya ambayo wengi waliosoma kidato cha tano na cha sita waliikuta katika fasihi ya Kiswahili, na wamo wanaoikumbuka vizuri kuliko ndoa zao wenyewe. Yasmin alipoonekana wakamwita kwa jina. Denge alipotokea, jamaa mmoja mwenye shati la kazini alisema kwa sauti ya mtu anayeijua mitihani, "Huyo ndiye mwanaharakati, andika hiyo," na waliomzunguka wakacheka. Palipokuwa na tofauti kati ya kitabu na filamu watu walitofautiana papo hapo, kwa sentensi fupi, kisha wakanyamaza ili wasipitwe na kinachofuata. Hawakuhitaji kuambiwa wanyamaze, kwa kuwa walitaka kusikia.

Kuanzia hapo nikawa nazisikia kelele za ukumbini kwa makundi mawili. Zipo za watu waliopotea, ambao hawasikii, hawaoni au hawaelewi, na wanaongea kwa kuwa filamu imewaacha njiani. Zipo pia za watu waliomo ndani ya filamu, wanaoijibu. Ukikaa mlangoni zote husikika sawa. Ukikaa safu ya mwisho utazitofautisha mara moja, kwa sababu waliopotea hutazamana wao kwa wao, ilhali waliomo huongea macho yakiwa kwenye picha. Tangazo la kuomba utulivu huwanyamazisha waliomo, ambao ni wastaarabu, na waliopotea huondoka kimyakimya wasirudi tena.

Jaribio gumu zaidi lilikuwa *Mandabi* ya Sembène Ousmane, ya mwaka 1968. Filamu hii ya Senegali inazungumza Kiwolofu, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Sakafu tambarare ilituletea shida kabla hata ya lugha, maana aliyekaa safu ya tano aliona visogo badala ya maandishi. Tuliinua kitambaa cha picha mpaka ukingo wake wa chini ukapita usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, kiasi cha mita moja na robo kutoka sakafuni, na viti tukavipanga kwa kupishana. Kazi hiyo ilichukua mchana mmoja na gharama yake ilikuwa kamba na misumari tu.

Lugha haikutatuliwa kwa misumari. Dada wa tiketi ndiye aliyekuja na njia ambayo mimi nisingeifikiria. Alimuuliza kila aliyeingia, kwa sauti ya kawaida isiyo na dharau, kama atasoma mwenyewe maandishi ya chini au angependa kukaa karibu na mtu wa kumsomea. Wanaosoma wenyewe walikaa kulia, na wengine walikaa kushoto, pamoja na wanafunzi wa chuo walioingia bure kwa makubaliano kwamba watakuwa wakinong'ona tafsiri kwa walio jirani nao. Hakuna aliyeona haya, kwa kuwa upande wa kushoto ulikuwa na feni.

Kisa cha filamu ni chepesi kukieleza. Ibrahima Dieng, mtu mzima wa Dakar asiye na kazi na mwenye wake wawili, anapata hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Faranga 2,000 ni zake, 3,000 ni za dada yake, na zilizosalia amtunzie kijana. Posta wanamtaka kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu, na cheti hakipatikani kwa mtu asiyejua tarehe aliyozaliwa. Huku akihangaika, mtaa mzima umeshasikia kwamba ana fedha na umekuja kukopa.

Sijapata kuona filamu ya mbali ikifika karibu namna ile. Karani wa posta alipomrudisha Dieng, mama mmoja upande wa kulia alisema, "Hajapitia serikali ya mtaa huyo, barua hana!" na upande wote ukalipuka. Halafu, baada ya muda wa kuvuta pumzi mara mbili, tafsiri ilipokwisha kunong'onwa, upande wa kushoto nao ukalipuka. Ikawa hivyo usiku mzima. Kila kicheko kilifika mara mbili, kwanza kulia kisha kushoto, na wa kulia wakaanza kuwasubiri wa kushoto, wakigeuza vichwa kidogo kuona kama na wao wamefikiwa. Wakopaji walipojipanga nyumbani kwa Dieng mtu mmoja aliuliza kama filamu hii ilipigwa Senegali au Mbagala. Kisha kicheko kikawa kinapungua chenyewe. Ndugu mwenye elimu na suti anajitolea kumsaidia Dieng kuichukua hawala, na ukumbi ulimtambua tapeli huyo mapema kuliko Dieng mwenyewe. "Usimpe, mzee," aliambiwa kutoka pande zote mbili, safari hii kwa wakati mmoja. Alimpa.

Mwenye ukumbi hakusema neno usiku ule, ila niligundua kwamba alikuwa ameacha kusimama mlangoni na amekaa upande wa kushoto.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, filamu inayoonyeshwa hadharani inapaswa kupita kwanza Bodi ya Filamu na kupangiwa daraja, na busara ni kupeleka maombi mapema kabla ya kuchapa matangazo. Haki za kuonyesha ni suala jingine, na linachosha zaidi, kwa kuwa haki za filamu nyingi za zamani za Afrika zinashikiliwa na kampuni za Ulaya, na barua ya ukumbi wa viti visivyofikia mia haikimbiliwi na mtu. Anayetaka haki hizo aanze miezi miwili kabla.

Baada ya *Mandabi* nilipata ujasiri wa kufanya jambo ambalo mwenye ukumbi angelikataa mwanzoni mwa mwezi. Niliweka *Sherlock Jr.* ya Buster Keaton, filamu bubu ya mwaka 1924 yenye urefu wa takribani dakika 45, nikamwalika kijana anayetafsiri filamu katika banda la video aje na maikrofoni yake. Filamu inamhusu mwendesha projekta anayesinzia kazini na kuota kwamba ameingia ndani ya picha anayoionyesha. Kwa kuwa picha za zama zile zina umbo la karibu mraba, tuliziba pembeni mwa kitambaa kwa kaniki nyeusi ili watu wasidhani kwamba picha imekatwa. Hata hivyo mtoto mmoja aliuliza ni nani aliyekata.

Kijana wa maikrofoni alikuwa hodari. Alimpa Keaton jina la Juma, mpinzani wake akamwita Bosi wa Mjini, na mambo yalipokuwa magumu kwa Juma, ambaye ndiye steringi, yaani shujaa wa filamu, aliuliza ukumbi, "Steringi hufa?" Ukumbi ukajibu, "Hafi!" Zaidi ya nusu ya vichekesho havikuwamo ndani ya filamu, na baadhi vilikuwa bora kuliko vilivyomo. Lakini kuna kipande, Juma anapoingia ndani ya picha, ambapo mandhari hubadilika ghafla huku yeye amesimama palepale. Anataka kuketi kwenye benchi la bustani, benchi linatoweka na yeye yumo barabarani kati ya magari. Anachungulia ukingo wa jabali, mara yuko kati ya simba. Anajirusha baharini, anatua kwenye theluji. Hapo maajabu yote yamo katika macho, na kijana wetu aliyafunika kwa maneno, akieleza simba ni wa wapi na wanakula nini. Watu walicheka na simba na hawakuona muujiza.

Nilimweleza hilo kabla ya onyesho la Jumapili, nikitarajia kwamba atakasirika, kwani mtu wa kazi ile huishi kwa mdomo wake. Akafikiri kidogo akasema, "Sawa, bosi. Pale nitaweka maikrofoni chini, waone wenyewe." Akaiweka chini kweli, waziwazi, watu wakiiona. Benchi lilipotoweka mtu akasema "Eh!" na lilipofuata jabali wakasema wengi, na kila mandhari ilipobadilika ikaja "Eh!" moja ya ukumbi mzima, kubwa kuliko iliyotangulia, mpaka kwenye theluji wakapiga makofi. Ile ndiyo sauti niliyoipenda kuliko zote za mwezi ule. Baada ya filamu nikawaambia kwamba katika kipande cha tangi la maji Keaton alivunjika mfupa wa shingo na hakujua mpaka miaka mingi baadaye daktari alipomwambia, na kijana akachukua maikrofoni yake akasema, "Nilishawaambia, steringi hafi."

Maonyesho ya Jumapili alasiri tuliyaanzisha kwa sababu ya akina mama. Usiku walikuwa wachache, na hilo halikuwa fumbo. Filamu ikianza saa mbili kasorobo usiku, baada ya watu kuswali, inakwisha karibu na saa nne, na kungoja daladala saa hizo na watoto si jambo la kumwomba mtu alipie. Miji yetu ya pwani ilishalijua hilo zamani. Zanzibar na kwingineko kulikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, yaliyoitwa zanana, na yalijaa. Sisi hatukuzuia wanaume, tulibadilisha saa tu. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya Kenya, ilijaza ukumbi alasiri hata ikabidi watoto wapakatwe. Ni kisa cha binti mgonjwa sana, Jo, anayependa filamu za mashujaa, na kijiji kinachoamua kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Watoto waliijibu filamu mwanzo mwisho na mama zao waliuliza maana ya maneno ya Sheng. Dakika za mwisho kila mtu alikuwa akipenga kamasi, hata mama wa kahawa aliyeapa kwamba anaangalia birika lake tu.

Kimya alichokitaka mwenye ukumbi kilikuja bila kuitwa, usiku wa *Arusi ya Mariamu*. Filamu hii ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ya mwaka 1985, ina dakika 36 tu na inamhusu mwanamke anayeugua na uponyaji wake kwa mganga wa jadi. Nilikuwa na wasiwasi, kwa kuwa kumtaja mganga mbele ya umati wa Dar es Salaam huzua mzaha. Dakika za kwanza mzaha ulikuwapo. Kisha ukakoma, na ngoma zilipoanza kusikika hakuna aliyesema kitu. Kimya kile hakikuwa cha adabu. Niliwatazama watu kutoka pembeni, nikaona wazee wawili wamekaa wima kama walio msibani, na kijana mmoja ameweka simu yake mapajani kioo kikiwa chini. Taa zilipowashwa hakuna aliyetaka kuanza mazungumzo, na mimi sikulazimisha. Mazungumzo yalianza nje, kwenye kahawa, na yalikuwa ya watu wawili wawili, kuhusu hospitali, dawa za miti na nani katika ukoo aliwahi kupelekwa wapi.

Kama filamu ile ingefungua mwezi, katika ukumbi wenye mwangwi na maneno yasiyosikika, ingezikwa. Nadhani pia kwamba watu wale wasingeinyamazia vile kama hawangekuwa wamepewa nafasi ya kusema katika filamu nyingine. Hili la pili siwezi kulithibitisha, lakini ndilo ninalolitumia sasa ninapopanga. Filamu inayohitaji utulivu naiweka wiki ya tatu au ya nne, baada ya watu kuzoeana na ukumbi na ukumbi kuwazoea wao, na usiku wake siuweki siku ya mechi ya Simba na Yanga.

Hesabu za mwezi zilikuwa za kawaida. Tiketi zililipa haki za filamu, mafuta ya jenereta na posho za vijana, na kilichobaki hakikutosha kununua spika ya katikati. Mwenye ukumbi ameondoa tangazo la kuomba utulivu pale mlangoni, na badala yake amebandika ubao unaosema kama filamu ya usiku huo ina msimulizi, ina wasomaji wa tafsiri, au haina chochote. Bado anaamini katika kimya, na tunabishana kila tunapokutana.

Mzee mmoja aliyehudhuria karibu kila usiku, mtu wa enzi za Avalon, ameomba mwezi ujao tuweke *Awara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Mwenye ukumbi alimuuliza kwa heshima, "Shikamoo, mzee wangu. Sasa nyimbo zikija, mtaimba?" Mzee akaitikia marahaba na kumwambia kwamba swali hilo angelimuuliza baba yake. Basi tumekubali. Filamu inapita saa mbili na nusu, kwa hiyo lazima iwe na mapumziko, na ubishi uliobaki ni wa urefu wake, maana mama wa kahawa anataka dakika 20 na mwenye ukumbi anatoa 10.